Bahari ya Sakafuni

Nimefanya kazi na manowari miaka ishirini na sita, na chombo kikubwa zaidi nilichowahi kupanda majini ni mtumbwi wa jirani yangu hapa Masinga. Hata huo niliomba kushuka kabla haujafika katikati ya bwawa. Nawaambia mapema, ninyi mnaoingia sasa kazini kwenye ule ukumbi wetu wa kilimani, msije mkadhani mzee huyu alikuwa baharia. Nilikuwa sajini wa nchi kavu, na bahari yangu ilikuwa ya saruji.

Nilipoagwa nilipewa saa ya ukutani na hotuba tatu. Hotuba zote zilitaja vyeo nilivyopanda, kimoja ambacho sikuwahi kukipata. Nashukuru. Lakini yale ninayoyakumbuka nikiwa nimekaa barazani nikisikiliza kuku hayakutajwa na mtu, kwa hiyo nimechukua daftari la mjukuu wangu, ambalo halina kazi nyingi, niyaandike.

Siku yangu ya kwanza nilifika ukumbini na barua ya uhamisho na viatu vilivyong'arishwa vikang'arika. Mtu niliyemkuta hakuvisifu. Alikuwa mzee mfupi, amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anakwangua kipande cha mjakaranda kwa kisu.

"Vua hizo," akasema bila kuinua kichwa. "Umesimama kwa bahari."

Nikatazama chini. Sakafu nzima ilikuwa imepakwa rangi ya samawati na kuchorwa miraba, kila mraba upana wa mkono. Ukingoni palichorwa pwani kwa rangi ya udongo. Mapazia mawili mazito yalining'inia pande mbili za ukumbi, na nyuma ya kila pazia palikuwa na meza na benchi. Nikavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, na mzee huyo aliliona kabla hajauona uso wangu.

Huyo ndiye Mzee Nzioka, raia, mchongaji kutoka Ndithini. Aliajiriwa kuchonga meli za mazoezi, na kwa kuwa hakuna aliyezijua kama yeye, wakubwa wakamfanya pia mwamuzi wa mchezo. Mimi nililetwa kuwa msaidizi wake. Niliuliza kwa nini maofisa wa majini waletwe Machakos kusomea bahari, nikajibiwa kwamba ukumbi mkubwa ulikuwa huku. Jeshini hilo ni jibu kamili.

Zoezi kubwa lilikuwa moja, la mwisho wa kila kozi. Upande mmoja ulipewa msafara: manowari kubwa ya kubeba ndege, manowari nne za kuilinda, meli ya mafuta, meli ya chakula na risasi, na meli ndogo nyeupe ya uokoaji. Upande wa pili ulikuwa wa pwani, watu wenye boti chache za kasi, ndege chache na nyambizi moja. Kazi ya watu wa pwani ilikuwa kuuzuia msafara usipite. Kila upande ulikaa nyuma ya pazia lake bila kuona sakafu, ukaandika amri zake kwenye vikaratasi, na karani wa upande huo akatoka kusogeza meli. Mwamuzi aliangalia, akawaambia kila upande kile tu ambacho macho yao yangekiona huko baharini, kisha akaamua nani kapigwa.

Mgeni mmoja aliwahi kuuliza tunafundisha haya ya nini, kwani nchi yetu ina ugomvi na nani mwenye meli kama hiyo. Mkuu wetu wa mafunzo, ambaye nitamwita Kamanda, akamwambia hatuna ugomvi na mtu. Alisema anataka tu kumwona ofisa akiwa na vitu vichache mbele ya kitu kikubwa, aone atachagua nini.

Sasa Mzee Nzioka alikuwa na taratibu zake mbili, na zote mbili zilinichekesha mwanzoni.

Ya kwanza ilikuwa kushuka sakafuni. Boti au nyambizi ya upande wa pwani ilipotaka kujua inaona nini, yeye hakusimama akatazama kutoka juu. Alilala kifudifudi nyuma ya kile kimeli, shavu kwenye saruji, akaweka jichoni kipande cha mti alichokitoboa katikati kama filimbi, akatazama kupitia humo. Alichokiona ndicho alichokisema. "Ukisimama unaona kama Mungu," aliniambia, "na hakuna mtu ameajiri Mungu hapa." Nililala kifudifudi kando yake mwezi mzima kabla hajaniruhusu kutoa taarifa hata moja. Sakafu ile ni baridi, hasa mwezi wa saba.

Ya pili ilikuwa maandishi. Chini ya kila meli, mahali ambapo hakuna mtu angepaona, aliandika kwa penseli kazi za watu walio ndani: mpishi, fundi wa injini, kinyozi, mwosha sufuria, rubani, mtu wa redio. Meli ikizamishwa, hakuitupa kwenye sanduku. Aliibeba kwa mikono miwili hadi kwenye rafu iliyo ukutani na kuiweka juu chini, ili yale maandishi yasomeke. Maofisa wengine walicheka. Mmoja alilalamika kwamba inavunja moyo wa kupigana. Mzee akamjibu kwamba yeye anavunja mti tu, moyo hajui kuuchonga.

Nitasema kidogo kuhusu kuchagua, maana ndiyo kazi yenyewe. Wengi walianza na kosa lilelile. Wakishasikia meli kubwa iko, akili zote zinahamia pale. Wanaandika: piga kubwa. Lakini meli kubwa ndiyo inayolindwa na kila jicho na kila mzinga wa msafara. Makombora yao machache yanaishia kwa walinzi, na saa nne asubuhi mchezo umekwisha, watu wanaulizana kama chai imeiva. Wengine walikuwa na haraka: wanatuma boti moja, halafu ya pili, halafu ya tatu, badala ya kungoja zote zifike pamoja kutoka pande tofauti. Wengine walikuwa na mdomo. Kila dakika wako kwenye redio, na kila ukiita, unamwonyesha adui ulipo. "Huyu anaita kama mtu amepoteza punda," Mzee Nzioka alikuwa akiniambia pembeni, nami nikiuma midomo nisicheke mbele ya wakubwa.

Nilikaa chini yake miaka mingi. Alinifundisha kunoa kisu, kupaka rangi bila kuacha alama za brashi, na kunyamaza baada ya kutoa uamuzi, kwani neno la mwamuzi halikuwa likibadilishwa. Hiyo ilikuwa sheria ya ukumbi tangu zamani. Mkiruhusu mwamuzi kujirudi, walisema, kila aliyeshindwa ataleta kesi.

Kisha siku moja, bila kelele, akaomba kwenda nyumbani. Umri wake wa kustaafu ulikuwa bado. Watu walisema ni macho, na kweli jicho lake moja lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Alinikabidhi kile kipande cha mti, akavaa koti lake, akaenda. Nililia chooni, na sioni haya kuandika hivyo. Kesho yake nikawa mwamuzi.

Nilikuwa mwamuzi mzuri. Najisifu kwa kuwa nitajishusha sasa hivi.

Magoti yalianza kuniuma polepole. Kwanza nilishuka vizuri, nikapanda kwa kushika meza. Baadaye nilishuka mara moja badala ya mara tano kwa asubuhi. Mwishowe nikagundua kwamba mtu aliyeziangalia meli hizi miaka ishirini anaweza kusimama tu, akainama kidogo, akakisia zinavyoonekana kutoka chini. Nani angejua? Wote walikuwa nyuma ya pazia. Kile kipande cha mti nikakiweka kwenye droo. Kozi tatu zikapita hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Ndipo akaja Luteni Hodan. Baba yake ni mfanyabiashara wa mifugo mwenye asili ya Kisomali, na yeye alizaliwa na kukulia Machakos mjini. Alinisalimu kwa Kikamba safi kuliko cha watoto wangu wanaokaa Syokimau, ambao siku hizi wakinipigia simu wananisalimu kwa Sheng, niaje. Kwa cheo nilipaswa kumwita afande. Kwa umri alikuwa sawa na kitinda mimba wangu. Tulikubaliana bila kusema: mimi nikamwita afande, yeye akaniita sajini mbele za watu na mzee tukiwa peke yetu.

Katika zoezi la mwisho aliongoza watu wa pwani. Asubuhi ya kwanza, wakati wa chai, alikuja akasimama karibu yangu na kikombe chake.

"Mzee, wewe ni mtu wa Masinga, si ndiyo? Mbuzi zikipotea huko, mnatafuta aje?"

"Tunafuata nyayo, afande."

"Baba yangu hafuati. Anaenda tu anakaa kwa maji. Anasema mbuzi iko na miguu nne na yeye ako na mbili, ya nini kushindana?"

Mwamuzi hatakiwi kucheka na upande wowote. Nilicheka.

Niliporudi kazini na kupokea vikaratasi vyake nikaelewa. Hakuitafuta meli kubwa hata kidogo. Alijua ndege za meli hiyo na walinzi wake hawaendi mbali bila mafuta, na kwamba mahali fulani lazima msafara ukutane na meli ya mafuta. Akakisia mahali hapo, akaituma nyambizi yake ikakae kimya, bila redio, siku nzima ya mchezo. Boti zake akazituma upande mwingine kabisa, zikafika zote kwa wakati mmoja kutoka pande tatu, zikapiga mlinzi mmoja na kuvuta macho yote huko. Tangu Mzee Nzioka aondoke sikuwa nimeona mpango mtulivu kama ule. Nilitamani angekuwepo auone.

Siku ya pili, karibu na saa sita, kikaratasi kikatoka nyuma ya pazia lake: nyambizi inainua darubini, inaona nini?

Nilikuwa upande wa pili wa sakafu. Kwa haki nilipaswa kuzunguka, nishuke, nilale nyuma ya nyambizi. Magoti yalikuwa yamewaka moto tangu alfajiri. Nikainama hapohapo nilipokuwa nimesimama. Nikaiona meli ya mafuta, ndefu, imejaa kwenye mraba wake. Nikaandika: meli ya mafuta, iko peke yake.

Kikaratasi chake kikarudi upesi: piga.

Nikazunguka sasa kwenda kuichukua meli iliyopigwa, na pale, ubavuni mwa meli ya mafuta, upande wa nyambizi, nikaiona ile meli ndogo nyeupe ya uokoaji. Karani wa msafara alikuwa ameipitisha pale ikielekea kuokota watu wa yule mlinzi aliyezama. Kutoka niliposimama, ubavu wa meli ya mafuta ulikuwa umeificha yote. Na sheria yetu inasema kombora humpata wa kwanza aliye njiani.

Nikaisoma sheria kama nilivyozoea. "Meli ya uokoaji imepigwa," nikatangaza.

Kamanda akapuliza filimbi. Mapazia yakafunguliwa. Kumpiga anayeokoa watu majini ni kosa ambalo halina alama za kupunguza. Unaanguka kozi nzima, na kwa ofisa kijana hiyo ina maana ya kurudishwa kituoni na kuwekwa dawati la mbali hadi atakaposahauliwa.

Hodan alisimama wima, uso umemkauka. "Afande, niliambiwa ni meli ya mafuta peke yake."

Kamanda akanigeukia. "Mwamuzi?"

Wanafunzi wote walikuwa wananitazama, na miaka yangu yote ya kazi ilikuwa imesimama pale pamoja nami. "Nilitoa taarifa ya nilichokiona, afande," nikasema.

Kila neno la sentensi ile lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa zaidi ya huo.

Ilikuwa Ijumaa. Gari la kumrudisha Hodan lilipangwa Jumatatu. Watu walipotawanyika nilibaki kukusanya meli, na nikafanya kile nilichopaswa kufanya kabla. Nilitoa kipande cha mti kwenye droo, nikashuka kwa shida, nikalala nyuma ya nyambizi. Meli nyeupe ilijaa jicho langu lote. Mtoto wa chekechea angeiona.

Niliinuka, nikaibeba hadi kwenye rafu, nikaenda kukusanya nyingine. Nilipogeuka nikamkuta Hodan amerudi. Hakuwa ameniona sakafuni. Alikuwa amesimama mbele ya rafu, mgongo kwangu, anasoma ile meli nyeupe iliyowekwa juu chini. Alisoma kwa sauti, polepole. "Daktari. Muuguzi. Mpiga mbizi. Mpishi." Kisha akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Mzee, kama ingekuwa ukweli?"

"Haikuwa ukweli, afande."

"Lakini ni mimi nimeandika piga. Sikuuliza mara ya pili. Sikujua niko hivyo."

Angenitukana ningeshukuru. Hakulilia cheti. Alikuwa anaanza kuamini kwamba yeye ni mtu wa namna ile, mtu anayepiga bila kujali, na atakwenda na imani hiyo maisha yake yote. Mimi ndiye niliyekuwa na dawa mfukoni, kipande cha mti chenye tundu. Nikamwambia pole, nikafunga madirisha.

Jumamosi nilipanda pikipiki hadi Ndithini. Mzee Nzioka alikuwa chini ya paa la jiko la nje, anachonga mwiko kwa kupapasa, maana jicho la pili nalo lilikuwa limemwacha. Alinijua kwa hatua.

"Aiya, Mutinda. Unatembea kama mtu amebeba gunia. Bado unashuka chini?"

Hakuuliza habari za nyumbani, hakuuliza kazi. Aliuliza hilo. Nikamweleza yote, mpaka ile sentensi yangu. Alisikiliza bila kuacha kuchonga.

"Wewe ulifikiri mimi niliachishwa na macho?" akauliza.

"Ndivyo watu walisema."

"Jicho moja lilikuwa linaona sawasawa. Ni magoti. Siku moja niliambiwa niangalie, nikajipata nimesimama naangalia na kichwa. Taarifa ilikuwa sawa, bahati tu. Jioni hiyo nikaandikisha barua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia aje? Ulikuwa unanitazama kama mimi ni kitu kikubwa." Akakwangua mwiko kidogo. "Huyo msichana ako wapi sasa?"

"Anangoja gari."

"Basi wewe unangoja nini hapa kwangu?"

Mke wangu aliniuliza Jumapili nzima kwa nini siongei. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu kwa heshima, na nilijua vizuri kwamba nikifungua mdomo, mwaka huo sitaumaliza kwenye ukumbi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya gari, nilimwomba Kamanda aite kozi yote. Nilizirudisha meli zote mahali zilipokuwa, kwa kufuata daftari la makarani. Nikasimama pembeni ya bahari bila viatu.

"Afande, Ijumaa nilitoa taarifa nikiwa nimesimama. Sikushuka. Luteni alipiga kwa kuamini neno langu, na neno langu lilikuwa baya."

"Neno la mwamuzi halibadilishwi," Kamanda akasema, bila ukali, kama mtu anayekumbusha.

"Ndiyo, afande. Na ndiyo maana nilinyamaza. Lakini aliyekosa ni mimi."

"Ni tangu lini hushuki?"

"Kozi tatu, afande."

Ningependa kuandika kwamba Kamanda aliniheshimu kwa kusema ukweli. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Kisha akasema, "Onyesha."

Nikashuka mbele ya wote. Goti la kulia lilitoa mlio ambao waliokaa benchi la mwisho waliusikia. Nikalala, nikaweka kipande cha mti jichoni. "Naona meli nyeupe ya uokoaji, afande. Nyuma yake naona meli ya mafuta. Zinaonekana wazi." Kamanda, na sare yake iliyopigwa pasi, akalala kando yangu, akachukua kipande cha mti, akatazama. Akainuka, akakunguta kifua. Halafu nikajaribu kuinuka mimi, nikashindwa. Mikono haikunibeba. Nilibaki pale kwenye saruji, sajini mzima, natazama vidole vya miguu ya wanafunzi.

Ni Hodan aliyekuja. Alipiga magoti, akanishika chini ya kwapa. "Shika mimi, mzee. Polepole," akanong'ona. Mbele ya watu, mzee. Nililia mara ya pili katika kazi hii, na safari hii sikwenda chooni.

Kamanda akaamua zoezi lirudiwe kuanzia pale lilipoharibika. Mapazia yakafungwa. Nikampelekea Hodan taarifa ya kweli: meli ya uokoaji iko mbele, meli ya mafuta iko nyuma yake. Kila mtu alijua hesabu yake. Hakuna njia ya kupiga ya nyuma bila kupiga ya mbele. Akisubiri, meli ya mafuta itaufikia msafara, ndege zitajazwa, nyambizi itatafutwa hadi ionekane. Kikaratasi kilikawia. Kilipotoka kilikuwa na neno moja: nasubiri.

Alishindwa. Msafara ulijaza mafuta, nyambizi yake ikapatikana kabla ya chakula cha mchana, na mimi mwenyewe niliibeba kwa mikono miwili hadi kwenye rafu. Alisimama karibu yangu akasoma yaliyoandikwa chini yake, watu wake mwenyewe sasa, akatikisa kichwa taratibu. Kozi alifaulu. Kamanda aliandika sababu mstari mmoja tu, kwamba ofisa huyu anajua asichopaswa kupiga.

Kwangu mambo yalikwenda kama nilivyotarajia. Niliombwa niandike barua ya kustaafu mapema, nikaiandika. Watu wengi hudhani nilistaafu kwa umri. Kabla ya kuondoka, mimi na Kamanda tulipitia madaftari ya zile kozi tatu. Hakuna mwingine aliyeanguka kwa taarifa yangu, isipokuwa mmoja ambaye hatukuweza kujua, kwani karani wake hakuandika meli zilikaa vipi. Aliacha jeshi, siku hizi anasimamia walinzi katika mtaa mmoja wa Syokimau. Nilimtafuta, nikamweleza. Alinunua chai, akasema yaliisha. Tulipoagana akaniuliza, "Lakini mzee, ukikumbuka vizuri, nilikuwa sawa?" Nikamwambia sijui. Bado namwona akikunja risiti ya chai vipande vidogo vidogo. Hilo sina la kuliongeza, na sitaki mlisahau.

Mwaka huu Hodan amerudishwa ukumbini, safari hii kama mwamuzi. Alinipigia simu mwenyewe akaniita nikaone zoezi lake la kwanza. Nilifika, nikavua viatu mlangoni kwa mazoea, nikaingia nikakosa bahari. Sakafu ilikuwa saruji tupu. Bahari yote, pwani na miraba yake, ilikuwa imehamishiwa kwenye mbao pana juu ya miguu ya meza, kimo cha kidevu cha mtu aliyeketi.

"Nimeinua," akasema, akinitazama kama anangoja kukaripiwa. "Sasa mtu anakaa tu, anaweka kidevu hapa, anaona kama ako kwa maji. Magoti haina maneno."

Akanivutia kiti cha ofisini, ambacho kilikuwa kirefu kupita kiasi. Nikainama juu yake hivyohivyo, nikaweka jicho kwenye kile kipande cha mti nilichokiacha ukumbini. Meli zote zilikuwa mbele yangu, moja nyuma ya nyingine, kama zilivyokuwa siku niliyofundishwa kuzitazama.

Njiani kurudi nilimpigia Mzee Nzioka, nikamweleza.

"Aiya, Mutinda. Miaka yote hiyo, na hakuna mtu alifikiria meza."

"Hakuna, mzee."

"Hicho kiti wamekuwekea, kina kimo gani?"

Wiki tatu baadaye mtoto wa jirani yake aliniletea gunia. Ndani mlikuwa na kigoda cha miguu mitatu, cha mjakaranda, laini kila mahali mkono unapopita. Ndicho hicho mtakachokikuta mbele ya meza ile, nilikipeleka mwenyewe. Kabla ya kukipeleka nilikigeuza juu chini, maana namjua. Penseli haoni tena, kwa hiyo alikuwa amechonga kwa kisu, herufi zimepinda, nyingine zimepandana: mwamuzi, na magoti yake.